Benki iliniona nimezama ikaendelea kunikata: namna ya kudai riba ya ovadrafti Uingereza ukiwa na hali ngumu

BintiChumbageni

Ndugu wanajamvi, hasa mlioko Uingereza, salaam. Kwa miaka kadhaa nimekuwa msomaji wa kimya hapa, na leo nafungua uzi kwa sababu katika wiki tatu zilizopita watu wanne wameniuliza jambo lile lile: ni kweli benki ilinifutia riba ya ovadrafti, na kama ni kweli, niliwaambia nini? Wawili kati yao nafanya nao zamu moja. Nimechoka kueleza nusu nusu kwenye korido huku kengele ya mgonjwa inalia, kwa hiyo naandika mara moja, kwa utulivu, na anayehitaji atasoma.

Kwa ambao hawajawahi kuwa nayo, ovadrafti ni ruhusa ya kutoa fedha kwenye akaunti hata baada ya salio kufika sifuri, mpaka kikomo mlichokubaliana na benki. Ukiwa nayo unaiona kama akiba. Si akiba, ni mkopo uliokaa kimya ndani ya akaunti yako, na riba yake inahesabiwa kila siku.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee mjini Leicester. Nilikuwa na kikomo cha pauni 500 ambacho nilikigusa mara chache tu, kisha siku moja programu ya benki kwenye simu ikaniuliza kama ningependa pauni 1,500, nikabofya mara tatu, ikakubali kabla chai haijapoa. Mapema mwaka 2021 mume wangu aliugua, zamu zangu zikapungua kwa sababu nilikuwa namuuguza, na tangu Februari mwaka huo akaunti ile haikuwahi kuvuka sifuri kwenda juu isipokuwa kwa saa chache. Mwezi wangu ulikuwa hivi: tarehe 28 mshahara wa pauni 1,420 na ushee unaingia na kunipandisha kutoka shimoni hadi karibu na sifuri, tarehe 1 kodi ya nyumba inatoka, tarehe 3 umeme na gesi, tarehe 5 kodi ya halmashauri, na ikifika tarehe 12 nimerudi chini kabisa, nikisubiri tarehe 28 nyingine. Na kila mwezi, bila kukosa, kulikuwa na mstari mmoja wa riba: pauni 36, pauni 38, mwezi mwingine 41. Riba yenyewe ilikuwa asilimia 39.9 kwa mwaka.

Nilikaa hivyo kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Sikuwahi kuchelewa kulipa chochote, na hilo ndilo lililonidanganya, kwa sababu nilijiona mtu anayemudu mambo yake.

Barua yangu ya kwanza ya malalamiko niliichukua mtandaoni. Ilikuwa ndefu, ina lugha ya kisheria, inasema makato ya benki ni adhabu isiyo halali na kwamba ninataka yote yarudishwe tangu nifungue akaunti. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, ukurasa mmoja na nusu, likasema kwa adabu kwamba Mahakama ya Juu iliamua jambo hilo mwaka 2009, kwamba riba yangu ilielezwa wazi kwenye mkataba, na kwamba hawakubaliani nami. Nilikunja karatasi ile nikaiweka kwenye droo ya vijiko. Ningeiacha humo mpaka leo kama si sentensi moja mwishoni: kwamba kama sijaridhika nina miezi sita ya kulipeleka suala hilo kwa Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua malalamiko kati ya wateja na benki.

Nikaenda kwanza Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, ambako huduma ni bure. Mama mmoja wa makamo, anayejitolea, aliniambia nichapishe taarifa zote za akaunti za miaka mitatu. Alitandaza karatasi zile mezani, akachukua kalamu ya kijani, akaanza kuzungushia salio la siku moja kabla ya mshahara, mwezi baada ya mwezi. Hasi 1,466. Hasi 1,491. Hasi 1,478. Alipofika karatasi ya kumi na tisa akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Na hawa, walikuwa hawasomi?"

Swali hilo ndilo kesi yenyewe. Nilikuwa nimeandika kwamba riba yao ni kubwa mno, na hilo lina majibu tayari. Ambacho sikuwa nimeandika ni kwamba walikuwa wananiona. Benki ilikuwa inaipitia ovadrafti yangu kila mwaka kabla ya kuiendeleza. Ilikuwa na picha kamili ya mtu ambaye hajatoka kwenye deni kwa mwaka mzima, ambaye mshahara wake unamezwa siku unapoingia, na ambaye kikomo chake kimegeuka kuwa maisha yake. Ikaiona picha hiyo, ikaendeleza ovadrafti, ikaendelea kukata.

Kwenye barua ya pili kwa benki, na kisha mbele ya Ombudsman, nililiweka lalamiko hivyo. Ilichukua miezi saba. Uamuzi ulikuwa kwamba kufikia mapitio ya Februari 2022 benki ilipaswa kutambua kuwa ovadrafti ile imekuwa mzigo usiobebeka, na kwamba riba na ada zote kuanzia hapo ziondolewe kana kwamba hazikuwahi kutozwa. Jumla ilikuwa pauni 712.

Sasa niseme jambo ambalo wanaouliza huwa hawalipendi: sikupokea hata peni moja mkononi. Kwa kuwa bado nilikuwa nadaiwa, pauni zile 712 zilipunguza deni, na kilichobaki nalipa pauni 40 kwa mwezi bila riba. Kama deni langu lingekuwa dogo kuliko riba iliyoondolewa, ziada ndiyo ningelipwa, pamoja na nyongeza ya riba ambayo kwa miaka mingi Ombudsman alikuwa ameiweka kwenye asilimia 8 kwa mwaka. Anayekwenda huko akitarajia hundi ajue hilo mapema.

Karibuni kwa maswali.

Kijana_wa_Reading

Dada, nakushukuru sana kwa kuandika kwa uwazi, kwa maana wengi wetu tunaona aibu hata kutaja neno hili. Mimi niko hasi 1,200 tangu mwaka juzi, mkataba wangu wa kazi hauna saa za uhakika, wiki moja ninapata zamu tano na wiki nyingine mbili. Lakini nina hofu moja. Taarifa zangu za akaunti zimejaa fedha ninazotuma nyumbani: kwa mama kila mwezi, ada ya mdogo wangu, na mwaka jana msiba wa mjomba ambao ilibidi nichangie pauni 300. Je, benki haitasema kwamba sikuwa na dhiki yoyote, ila nilichagua mwenyewe kugawa fedha?

BintiChumbageni

Kijana, watasema. Kwangu walisema. Katika majibu yao kulikuwa na aya nzima iliyotaja "malipo ya hiari ya nje ya nchi" na wakaorodhesha tarehe na kiasi, mpaka pauni 25 niliyotuma sikukuu ya Idi. Nililia siku hiyo, si kwa sababu ya fedha, bali kwa kuona rambirambi ya shangazi yangu imeandikwa kwenye safu moja na pizza.

Usijaribu kuficha. Andika mwenyewe kabla hawajaandika wao: huyu ni mama yangu mzazi, hana pensheni, fedha hizi ni chakula na dawa. Kisha waonyeshe kilichotokea kwa fedha hizo kadiri hali ilivyobana. Mimi mwaka 2020 nilikuwa natuma pauni 120 kwa mwezi, mwaka 2021 zikashuka hadi 70, na mwaka 2022 kuna miezi mitatu sikutuma kitu. Mchunguzi wa Ombudsman alilitumia jambo hilo hilo upande wangu, akasema mtu anayepunguza hata msaada kwa mzazi wake na bado hatoki kwenye hasi hawezi kusemwa kwamba anachezea fedha. Walichotazama zaidi ni mwenendo wa akaunti nzima, wala hawakusimama kwenye malipo mamoja mamoja.

Na kama unacheza upatu, eleza pia. Mimi mwezi wa zamu yangu ya kupokea ziliingia pauni 1,000, na benki ikaihesabu kama kipato kilichoniwezesha kulipa deni. Ilibidi niandike barua fupi, nikiambatanisha ujumbe wa kijumbe wetu, kueleza kwamba hizo ni fedha zangu mwenyewe zilizokuwa zimezunguka miezi kumi kabla ya kunirudia. Sidhani kama yule kijana aliyesoma barua ile alikuwa amewahi kusikia kitu kama hicho, lakini alikielewa.

MzeeBaharia

Binti yangu, pokea salaam za mzee. Umegusa jambo la mwaka 2009 kwa sentensi moja, na mimi naomba nilipanue kidogo, kwa sababu kuna barua za zamani zinazozunguka mpaka leo kwenye vikundi vya simu, na watu wanazituma wakidhani zina nguvu.

Miaka ya 2006 na 2007 hapa Uingereza kulikuwa na kimbunga. Wakati huo ukizidisha kikomo, au malipo yakikataliwa kwa kukosa salio, benki ilikukata kiasi maalumu, na mimi nilikuwa nakatwa pauni 35 kwa kila tukio. Malipo ya simu ya pauni 12 yakigonga mwamba, unadaiwa pauni 35, na zile 35 zenyewe zinakusukuma chini zaidi hadi malipo yanayofuata nayo yanagonga. Niliwahi kukatwa mara nne katika wiki moja kwa kosa lililoanza na upungufu wa pauni 8. Tulikuwa tunalipa benki pauni 10 ili watupe taarifa za miaka sita, tunajumlisha makato kwa kalamu na kikokotoo, tunapeleka madai mahakama ya wilaya, na benki nyingi zilikuwa zinalipa kabla ya siku ya kusikilizwa. Mimi nililipwa siku mbili kabla. Sikuhitaji wakili, nilivaa koti langu bure.

Kisha Julai 2007 ikafunguliwa kesi ya majaribio, iliyoletwa na Office of Fair Trading (OFT), ofisi ya serikali iliyokuwa ikiwalinda walaji, dhidi ya benki saba na chama kimoja cha akiba na mikopo ya nyumba, na madai ya watu wote wengine yakasimamishwa kusubiri. OFT ilishinda Mahakama Kuu Aprili 2008, ikashinda tena Mahakama ya Rufani Februari 2009. Tukawa tunapongezana. Tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu, ambayo ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili tangu ifunguliwe, ikabatilisha yote.

Watu husema mahakama ilitamka kuwa makato yale ni ya haki. Haikusema hivyo. Ilichosema ni kwamba makato yale ni sehemu ya bei ambayo wateja kwa jumla wanalipia huduma ya akaunti, na kwa kuwa ni bei, kanuni za mwaka 1999 kuhusu masharti yasiyo ya haki hazikuruhusu OFT kupima kama bei hiyo inalingana na huduma. Tazameni hesabu ilivyokuwa: mwaka 2006 makato ya aina hii yaliziingizia benki pauni bilioni 2.6, takriban theluthi moja ya mapato yao yote ya akaunti za kawaida. Wenye salio walikuwa wanapata akaunti ya bure, na gharama yake ilikuwa inabebwa na sisi tuliokuwa tunaishiwa.

Lakini hata katika kipindi kile cha kusimamishwa, mlango mmoja uliachwa wazi. Msimamizi wa sekta ya fedha wa wakati huo, FSA, alitaka madai ya watu walio katika hali ngumu ya kifedha yaendelee kushughulikiwa bila kusubiri mahakama. Kwa hiyo hicho alichokipitia binti yetu si kipya. Ni mlango ule ule, isipokuwa sasa umepanuliwa.

MpigaHesabu

Naomba nitofautiane kidogo, na ninafanya hivyo kwa heshima. Dada alibofya mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono. Benki ilimwambia riba ni asilimia 39.9, akakubali, akatumia fedha, sasa anasema walipaswa kumzuia. Mimi nina ovadrafti ya pauni 1,000 na sijaigusa tangu 2019. Tukianza kuwafundisha watu kwamba kila mkopo una njia ya kurudi nyuma, mwishowe benki zitaacha kutukopesha sisi wageni kabisa, na tutaangukia kwa wakopeshaji wa mitaani. Nikosoeni kama nimekosea.

BintiChumbageni

Hujakosea kwamba nilibofya. Mwaka wa kwanza wa riba niliulipa na sijaudai, na Ombudsman naye hakunipa. Miezi ile kumi na miwili ilikuwa mkopo wa halali kati ya watu wazima wawili. Kinachodaiwa ni kipindi cha baada ya hapo, ambapo upande mmoja ulikuwa na taarifa zote za namna upande wa pili unavyozama, na kanuni zilikuwa tayari zinautaka uchukue hatua.

Kanuni zenyewe ni hizi. Kuanzia Desemba 2019 msimamizi wa sasa, Financial Conduct Authority (FCA), anazitaka benki ziwafuatilie wateja wanaotumia ovadrafti kwa kurudia rudia, ziwatambue wanaoonyesha dalili za dhiki, ziwasiliane nao, na ziwape msaada. Na kuanzia tarehe 6 Aprili 2020 makato ya kiasi maalumu ya kutumia ovadrafti, ya siku au ya mwezi, yamepigwa marufuku: benki inatoza riba moja tu ya mwaka, na haiwezi kutoza zaidi kwa ovadrafti isiyo na makubaliano kuliko iliyo na makubaliano. FCA ilikadiria kwamba kukopa pauni 100 bila makubaliano, ambako kulikuwa kunamgharimu mtu hadi pauni 5 kwa siku, kungeshuka hadi chini ya peni 20. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba benki kubwa nyingi zilipandisha riba hadi karibu asilimia 40, kwa hiyo watu kama mimi, tuliokuwa ndani ya kikomo na tunalipa kwa adabu, ndio tuliobeba.

Na kuhusu wewe na ovadrafti yako usiyoigusa, nakupongeza kwa dhati. Ila ujue benki hazikuwa zinaishi kwa watu kama wewe. Takwimu za FCA za mwaka 2016 zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya ada za ovadrafti zisizo na makubaliano zililipwa na asilimia 1.5 tu ya wateja.

MpigaHesabu

Hilo la asilimia 1.5 sikulijua. Kwenye mwaka wa kwanza tunakubaliana, kwa hiyo ninarudisha upanga alani. Bado nasema watu wasibofye.

MamaWawili_Luton

Shikamooni wakubwa. Mimi tatizo langu ni la leo hii, wala si la kudai ya nyuma. Universal Credit yangu, ile fedha ya msaada wa serikali ya kila mwezi, inaingia akaunti ile ile yenye ovadrafti. Ikiingia inamezwa, na nikijaribu kulipa kodi ya nyumba naambiwa nimefika kikomo, kwa kuwa benki wamekipunguza kikomo chenyewe. Mwezi uliopita nilikopa kwa jirani fedha za nepi. Nifanye nini kabla ya kufikiria malalamiko?

Msaidizi_wa_Madeni

Dada yangu, ninajitolea kwenye ushauri wa madeni, na ningekuomba uyafuate haya kwa mpangilio huu hata kama jambo la malalamiko litasubiri.

Jambo la kwanza ni kufungua akaunti ya msingi (basic bank account) kwenye benki nyingine kabisa, ambayo hudaiwi nayo na ambayo haimo ndani ya kampuni moja na benki yako ya sasa, maana benki ina haki ya kuchukua fedha kutoka akaunti yako moja kulipia deni lako jingine kwake. Tangu mwaka 2016 benki tisa kubwa zinatakiwa kutoa akaunti za aina hii bila ada: haina ovadrafti, na malipo yakikataliwa hukatwi kitu. Usiombe "akaunti" tu, taja kwamba unataka ya msingi, kwa sababu wafanyakazi wa kaunta mara nyingi wanakuelekeza kwenye ile ya kawaida, ambayo utakataliwa kwa sababu ya rekodi yako ya mikopo. Ikifunguka, hamisha Universal Credit yako huko siku hiyo hiyo, kisha hamisha malipo ya kila mwezi.

Wakati unasubiri, una haki ya zamani ambayo watu wengi hawaijui: unaweza kuielekeza benki, kwa maandishi na kabla fedha hazijaingia, kwamba kiasi fulani kitumike kwa jambo fulani, mathalani pauni kadhaa kwa kodi ya nyumba na pauni kadhaa kwa chakula. Barua hiyo inatakiwa kutaja tarehe na kiasi, na inabidi uiandike upya kwa kila malipo yanayoingia. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa mwezi mmoja au miwili inakuvusha mto.

Tatu, kama madeni ni zaidi ya hilo moja, piga simu National Debtline au StepChange, mashirika ya ushauri wa madeni, wote ni bure. Mshauri anaweza kukuombea siku 60 za kupumua, utaratibu ulioanza Mei 2021 kwa England na Wales, ambamo riba, ada na hatua za kudai kwa madeni yanayohusika vinasimama. Uskoti wana utaratibu wao.

Na tafadhali, usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kukurudishia makato kwa kuchukua asilimia. Ombudsman humlipi hata peni, na fomu yake inajazwa kwa simu.

MamaWawili_Luton

Allah akulipe. Nimeomba akaunti leo mchana kwenye benki ya pili. Ile ya kwanza walinipa ile ya kawaida kama ulivyosema, ikakataliwa.

Mgeni_Mpya77

Samahani kwa kuuliza kitu kidogo. Niko kwenye viza ya kazi. Kulalamika dhidi ya benki hakutaniharibia makaratasi?

Msaidizi_wa_Madeni

Hapana. Malalamiko kwa benki au kwa Ombudsman ni jambo kati yako na benki na haliendi Home Office, wizara inayoshughulikia viza. Ushauri wa madeni wa mashirika haya nao hauhesabiwi kama msaada wa serikali, kwa hiyo hata mwenye viza inayomkataza kupokea misaada anaruhusiwa. Kitakachoweza kuonekana ni kwenye rekodi yako ya mikopo: mkikubaliana na benki ulipe kidogo kidogo, makubaliano hayo yanaweza kuandikwa humo, na deni likitangazwa kuwa limeshindikana alama hiyo inakaa miaka sita. Pima hilo dhidi ya hali uliyo nayo sasa.

Kijana_wa_Reading

Dada, nimekaa na karatasi zangu usiku kucha. Nimezungushia kwa kalamu kama ulivyosema: miezi kumi na minane, na mara mbili tu nilivuka sifuri. Sasa naomba nisaidie jinsi ya kuianza barua, maana nikikaa mbele ya kompyuta naona nitaandika ile ya kisheria tena.

BintiChumbageni

Iandike kama unavyozungumza na mtu mwenye akili asiyekujua. Yangu ya pili, nikiitafsiri kutoka Kiingereza, ilianza hivi:

"Ninalalamika kwamba mliendelea kunitoza riba ya ovadrafti baada ya akaunti yangu kuonyesha wazi kwamba nimekuwa katika hali ngumu ya kifedha. Kuanzia Februari 2021 hadi Septemba 2023 salio langu halikuwahi kubaki juu ya sifuri kwa siku nzima. Katika kipindi hicho mliipitia ovadrafti yangu na kuiendeleza, na hamkuwahi kuniuliza kama ninaweza kuilipa. Naomba muondoe riba na ada zote tangu siku mlipopaswa kutambua hilo, na kilichobaki tukubaliane nilipe kwa kiasi ninachokimudu."

Baada ya hapo weka jedwali la safu tatu: mwezi, salio la siku moja kabla ya mshahara, riba ya mwezi huo. Hilo jedwali lina kazi kubwa kuliko maneno yote. Kisha kipato chako na matumizi yako ya sasa kwenye ukurasa mmoja, pamoja na fedha za mama na maelezo yake. Kama taarifa za zamani hazionekani kwenye programu, iandikie benki kuomba kumbukumbu zako zote, siku hizi hailipiwi, na wana mwezi mmoja kuzileta. Andika neno "malalamiko" juu kabisa, kwa sababu bila neno hilo barua inaweza kutibiwa kama swali la huduma kwa wateja, na saa haianzi kuhesabu. Wakishaipokea wana wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Zikipita bila jibu, huhitaji ruhusa yao kwenda kwa Ombudsman.

Na kuhusu umri wa madai: kwa kawaida ni miaka sita tangu jambo litokee, au miaka mitatu tangu ulipojua au ulipopaswa kujua kwamba una sababu ya kulalamika, ikiwa hiyo inakupeleka mbele zaidi. Wewe na miezi yako kumi na minane bado uko mbali na ukingo.

MzeeBaharia

Na uhifadhi bahasha, kijana. Sisi wa 2007 tulishindana nao kwa mihuri ya posta.

Kijana_wa_Reading

Mzee wangu, siku hizi inatumwa kupitia programu ya benki yenyewe, lakini nimepiga picha ya skrini ya kila ukurasa. Nimetuma leo, tarehe 4 Machi, saa tatu usiku. Dakika mbili baadaye nimepata namba ya kumbukumbu na ujumbe kwamba lalamiko limepokelewa. Nimehesabu siku 56 kwenye kalenda ya ukutani na nimezungushia tarehe 29 Aprili kwa kijani. Chini ya jedwali nimeongeza ukurasa mmoja kuhusu mama.

BintiChumbageni

Umefanya vyema kuongeza huo. Tarehe 30 asubuhi tuambie walichosema, hata kama ni kukataa, maana barua ya kukataa ndiyo utakayoambatanisha kwenye fomu inayofuata.